Samaki wa mapambo wanakufa? Kwanza uliza wamekufa kwa kasi gani

Mtu anayeanza kufuga samaki wa mapambo Dar es Salaam akimkuta mmoja ameelea tumbo juu, swali lake la kwanza huwa: "Nimpe dawa gani?" Ni swali la mapema mno. Samaki wengi wanaofia mikononi mwa wanaoanza hawakuwa na ugonjwa wowote. Maji ndiyo yaliyowashinda, au joto, au hewa. Ukimwaga dawa kwenye maji mabaya umeongeza sumu juu ya sumu.

Mimi huanza na swali jingine: wamekufa kwa kasi gani? Waliokufa wote ndani ya saa chache wameuawa na sumu au wamekosa hewa. Wanaokufa mmoja leo, wawili keshokutwa, kwenye tangi lisilotimiza mwezi, wanamalizwa na amonia au nitriti, sumu zinazotokana na taka za samaki wenyewe. Wanaoanza na madoa, kujikuna au mapezi kuliwa, hao ndio wagonjwa kweli. Na wale wanaofifia kidogo kidogo, huyu hali, yule amekonda mgongo, mara nyingi ni samaki ambao hawakuendana na maji yako tangu siku ulipowaleta nyumbani.

Kama wanahangaika hivi sasa wakati unasoma, fanya mambo matatu kwanza: acha kulisha, ongeza hewa kwa njia yoyote uliyonayo, na badilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalolingana na ya tangini. Kisha rudi tuendelee.

Jana usiku walikuwa wazima, asubuhi wamekufa wote

Mtuhumiwa wa kwanza katika jiji hili ni dawa ya mbu, na wengi hawaiwazii kabisa. Dawa nyingi za kopo za kupuliza, na nyingi za zile za kuchoma, zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi. Binadamu anavivumilia, samaki anakufa kwa kiasi kidogo mno. Mazungumzo huwa hivi:

"Jirani, jana mlipuliza dawa ya mbu?"

"Hapana bwana, tangi liko sebuleni. Tulipuliza chumbani tu."

"Pampu ya hewa mmeiweka wapi?"

"Chumbani, sebuleni ilikuwa inapiga kelele. Tumepitisha mpira chini ya mlango."

Hapo hakuna haja ya kutafuta zaidi. Pampu inanyonya hewa ya chumba ilichomo na kuisukuma ndani ya maji, mapovu kwa mapovu, usiku kucha. Siku ya kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa plastiki, puliza, fungua madirisha hadi harufu iishe, ndipo uwashe tena. Saa moja au mbili bila pampu samaki wachache wanaistahimili. Wakija watu wa kupuliza nyumba nzima, hamisha samaki kwenye ndoo kwa jirani; hakuna njia ya mkato. Samaki aliyepata sumu hii hukimbia ovyo, hujipinda, hutetemeka, kisha hulala ubavu. Ukimkuta bado anapumua, badilisha nusu ya maji au zaidi mara moja, na kama una mkaa wa filta, uweke. Mkaa wa kuchomea mahindi haufai hapa.

Mtuhumiwa wa pili ni klorini, na huyu ana ujanja wake wa Kidar. Maji ya DAWASA kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na hutiwa klorini ili sisi tusiugue. Nyumba nyingi huyapokea kwanza kwenye simtanki. Yakikaa humo siku kadhaa, klorini kubwa inapotea. Basi mtu anabadilisha maji ya samaki kwa miezi akitumia bomba la ndani linalotoka kwenye simtanki, bila dawa yoyote, na samaki wananawiri. Anaamini maji yake hayana klorini. Siku moja simtanki limekauka, maji yamerudi usiku, anakinga moja kwa moja kutoka bomba la nje lenye mita. Ndani ya saa moja samaki wanashtuka, wanagonga vioo, matamvua (viungo vyao vya kupumulia) yamewaka. Ni nyumba ileile na ankara ileile, lakini maji si yale.

Dawa ya kuondoa klorini, ambayo kwa kawaida ni sodiamu thaiosalfeti, inafanya kazi ndani ya dakika chache, na chupa moja unakaa nayo muda mrefu. Usipokuwa nayo, kinga maji kwenye ndoo iliyo wazi, weka jiwe la hewa, yaache siku nzima. Angalia pia nani ameosha simtanki. Fundi akilisugua kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, au mtu akitia WaterGuard kwenye pipa la maji ya kunywa halafu wewe ukachota humohumo, hiyo ni klorini ileile.

Simtanki lina kosa jingine: joto. Januari na Februari, saa nane mchana, maji yaliyokaa kwenye tangi jeusi juani yanachoma mkono. Ukiyamimina robo tangi kwa mkupuo, samaki wanapata mshtuko hata kama klorini hakuna. Badilisha maji asubuhi na mapema, au yakinge kwenye ndoo yapoe ndani. Tofauti ya nyuzi mbili si neno. Sita ni hatari.

Tangi jipya la kutengenezwa na fundi wa vioo nalo lichunguze. Silikoni za bafuni na jikoni mara nyingi hutiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haifai kwa samaki. Mwambie fundi kabla hajaanza kwamba ni la samaki, na umwone akifungua bomba la silikoni lililoandikwa kuwa ni la matangi ya samaki. Hata hiyo iache ikauke wiki nzima, hadi harufu ya siki iishe kabisa, halafu jaza maji, yamwage, ujaze tena.

Wote wako juu, midomo nje, wanavuta hewa

Kwanza hakikisha ni samaki wa aina gani. Beta, gurami na hata kambale wana kiungo cha kupumulia hewa ya juu; beta akipanda, akagusa uso wa maji na kushuka zake, usimsumbue. Wasiwasi ni pale goldfishi, gapi na moli wanapokaa juu muda wote, matamvua yakipiga haraka.

Maji ya moto hubeba hewa kidogo. Kwa nyuzi 20 lita moja hushika oksijeni kama miligramu 9. Kwa nyuzi 30 hushika kama 7.5. Samaki naye katika joto anahitaji hewa zaidi, kwa sababu mwili wake unafanya kazi haraka. Ndiyo maana tangi lililokuwa sawa Julai linaweza kuleta shida Februari na hukubadilisha kitu. Kwenye tangi lenye mimea mingi, shida huonekana alfajiri: usiku mimea nayo inavuta oksijeni.

Dawa ya hapa ni kuutikisa uso wa maji. Mapovu yenyewe huchangia kidogo. Kazi kubwa inafanyika pale juu, maji yanapokutana na hewa. Elekeza mdomo wa filta juu hadi maji yacheze. Feni ikipuliza kwenye uso wa maji inashusha nyuzi moja au mbili, ingawa unyevu wa pwani unaipunguzia nguvu. Chupa ya maji iliyogandishwa kwenye friza, ikiachwa ielee humo, inasaidia mchana wa joto kali, ila weka moja, angalia themometa, ndipo ufikirie ya pili. Kifaa cha kupasha maji kinachouzwa pamoja na tangi, Dar huna haja nacho karibu mwaka mzima.

Umeme ukikatika, hesabu mambo mawili. La kwanza ni hewa: chota maji kwa kikombe, yamwage kutoka juu, rudia kila baada ya muda, au nunua pampu ndogo ya betri uiweke kabatini. La pili ni filta. Bakteria wanaosafisha maji wanaishi kwenye sponji na wanahitaji maji yanayopita yenye oksijeni. Filta ya nje iliyofungwa ikilala saa nyingi bila umeme, maji yaliyobaki ndani yanaoza. Umeme ukirudi na mashine ikajiwasha yenyewe, uchafu wote huo unatemwa tangini kwa mkupuo. Chomoa waya mapema. Umeme ukirudi, mwaga maji ya ndani ya filta, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Na usilishe gizani. Samaki mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula pasipo madhara, lakini chakula kisicholiwa kinageuka amonia usiku huohuo.

Kama joto ni la kawaida, hewa ipo, na bado wanapumua kwa shida, nenda sehemu inayofuata.

Tangi lina wiki mbili, wanakufa mmoja mmoja

Hapa ndipo wengi wanakatia tamaa, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Chakula kilichobaki na jani lililooza navyo hutoa amonia. Kwenye tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia kwa kiasi hadi uitoe kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaji na tangi. Wanazaliana polepole juu ya sponji, changarawe na mawe, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kutosha kazi. Sasa fikiria mtu ananunua tangi Jumamosi, analijaza maji safi yanayong'aa, na jioni hiyohiyo anaweka samaki kumi. Siku tatu za kwanza ni furaha. Siku ya tano mmoja yuko chini kwenye kona, mapezi yamebana mwilini. Wiki ya pili wamebaki wanne, na maji bado yanang'aa, kwa sababu amonia haionekani kwa macho.

Ugumu wa Dar unaongezeka kwa sababu ya kemia. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) pamoja na joto ndivyo vinavyoamua mgawanyo. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, sehemu iliyo kali haifiki asilimia 1. Pandisha pH hadi 8, inakuwa zaidi ya asilimia 5. Pandisha na joto hadi nyuzi 30, inapita asilimia 7. Baadhi ya visima vya jiji hili vina maji magumu yenye pH ya juu, na joto ni hilo tunalolijua. Mwongozo ulioandikwa kwa mtu wa nchi ya baridi, unaosema amonia kidogo inavumilika, kwako haufai kuufuata neno kwa neno.

Ishara za amonia ni matamvua mekundu yaliyovimba, samaki kujikunja mapezi, kulala chini au kukimbilia juu. Nitriti huja baadaye, wiki ya pili hadi ya nne: inaizuia damu kubeba oksijeni, matamvua hugeuka rangi ya kahawia, na samaki anahema huku pampu ikichemka mapovu. Kipimo cha matone kinatoa jibu la kuaminika kuliko vile vya karatasi. Ukikosa hela ya vyote, nunua cha amonia na cha nitriti, vingine baadaye.

Kama samaki tayari wamo, badilisha robo ya maji kila siku, hata kwa wiki mbili mfululizo. Lisha punje chache mara moja kwa siku, au ruka siku. Ukiona nitriti, tia chumvi gramu 1 kwa kila lita. Klorini iliyomo kwenye chumvi imefungwa, si ile ya bombani, nayo huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa, ni kama gramu 5 au 6. Chumvi ya kawaida ya jikoni inafaa, na madini joto yaliyomo ni kidogo mno kuleta shida. Yeyusha kwanza pembeni, mimina kwa awamu.

Kama samaki bado hawajanunuliwa, una bahati. Washa filta, tupia chembe za chakula kila siku kana kwamba kuna samaki, na upime hadi amonia na nitriti zipande, kisha zote zishuke hadi sifuri. Njia fupi kuliko zote ni kumwomba mwenzako anayefuga kipande cha sponji kutoka filta yake iliyokomaa, ukileta ndani ya maji yake, bila kukauka, bila kupigwa jua kwenye bodaboda. Hakikisha tu samaki wake ni wazima, maana sponji inaweza kubeba na vimelea.

Kuna tangi jingine linaloonyesha dalili hizihizi ingawa lina mwaka mzima. Ukiuliza, utaambiwa jana lilifanyiwa usafi mkubwa: samaki waliwekwa ndooni, maji yote yakamwagwa, mawe yakasuguliwa, sponji ikakamuliwa chini ya bomba hadi ikawa nyeupe. Dada wa nyumbani kajituma kweli, wala si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Bakteria wote wamekwenda na maji ya bomba, na tangi limerudi kuwa la siku ya kwanza likiwa na samaki wakubwa ndani. Sponji inasuuzwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, inakamuliwa mara mbili tatu, inarudishwa ikiwa bado ya kahawia. Sabuni isikaribie kabisa.

Maji yamebadilika rangi

Meupe kama yametiwa maziwa, kwenye tangi jipya: ni bakteria wa majini wamezaliana ghafla, punguza chakula, subiri siku chache, usimwage yote. Kijani: jua linaingia dirishani au taa inawaka muda mrefu, sogeza tangi, washa taa kwa muda wa saa sita hadi nane tu kwa siku. Utando wa kahawia kwenye vioo vya tangi changa huisha wenyewe. Njano ya chai hutoka kwenye kipande cha mti, haina madhara. Maji ya bomba yakija na tope baada ya mvua kubwa za masika, usibadilishe siku hiyo.

Madoa, pamba, mapezi yaliyoliwa

Madoa meupe kama punje za chumvi, samaki akijisugua kwenye mawe: hiyo ni ichi, kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kosa linalofanyika ni kuacha tiba madoa yakipotea. Doa likidondoka kimelea hakijafa. Kimeshuka chini, kinagawanyika, kisha watoto wake wanaogelea kutafuta samaki. Ni wakati huo wa kuogelea tu ndipo dawa au chumvi inakiua. Kwenye maji ya joto letu mzunguko huo unamalizika ndani ya siku chache, na hilo linatusaidia. Chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, ipandishwe taratibu ndani ya siku mbili, iachwe siku 10 hadi 14, huku ukinyonya uchafu wa chini kwa mpira. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya kiasi cha maji uliyotoa tu, kwa sababu chumvi haiondoki kwa kukauka. Samaki wa chini kama korido hawaipendi chumvi, na mimea mingi inakufa nayo, kwa hiyo kwao tumia dawa ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa.

Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu badala ya punje, mmulike samaki kwa tochi ya simu kutoka pembeni gizani. Likimetameta mwilini, ni kimelea kingine, Piscinoodinium, na kinaua haraka kuliko ichi. Zima taa ya tangi, tafuta dawa yenye shaba, usichelewe.

Pamba mdomoni, au baka jeupe la kijivu mgongoni, watu huita fangasi na kununua dawa ya fangasi. Mara nyingi si fangasi, ni bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Tofauti ni kasi: fangasi halisi hukaa kwenye kidonda na kuenea polepole, huyu anaweza kummaliza samaki ndani ya siku moja au mbili, na joto linamwongezea nguvu. Ushauri wa kupandisha joto, unaofaa kwa ichi katika nchi za baridi, hapa unaua. Mtenge mgonjwa, poza maji ukiweza, ongeza hewa, na tafuta dawa ya bakteria ya samaki kwenye duka la mifugo au uongee na daktari wa mifugo. Kufungua kapsuli ya antibayotiki ya binadamu iliyobaki droo ya dawa na kuimwaga tangini ni kuua bakteria wa filta na kujirudisha kwenye amonia.

Mapezi yenye ncha zilizochanika na weupe pembeni: angalia kwanza nani anamng'ata nani. Beta wawili dume hawakai pamoja, na gapi wenye mikia mirefu hawapaswi kukaa na samaki wakorofi. Kama hakuna mgomvi, ni maji machafu. Yasafishe, mapezi huota tena.

Samaki aliyevimba hadi magamba yamesimama kutoka mwilini, mara nyingi hapo figo zimeshashindwa. Sipendi kumpa mtu matumaini ya bure hapo.

Goldfishi anaelea kichwa chini

Acha kulisha siku mbili au tatu. Kisha mpe njegere moja iliyochemshwa na kumenywa ganda, imegwe vipande. Mara nyingi ni tumbo limejaa chakula kikavu kilichovimba ndani. Mkate, ugali na makombo ya chapati yasirudi tena mezani kwake. Na hilo bakuli la duara alimokaa ni gereza: goldfishi mmoja anahitaji makumi ya lita, na ni samaki wa maji ya baridi, anayejisikia vizuri chini ya nyuzi 24. Dar anaishi, ila kwa taabu, na mimi nisingemshauri mtu anayeanza amnunue. Gapi na moli wanaipenda hali yetu zaidi.

Hawafi, ila wanafifia

Rangi inapotea, tumbo limeingia ndani, hawazai, kila mwezi mmoja anakosekana. Amonia sifuri, nitriti sifuri. Hapa uliza maji yametoka wapi.

Maji ya kisima ya maeneo mengi ya jiji yana chumvi, ladha yake ukinawa uso unaijua. Usichanganye chumvi na ugumu. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu. Chumvi ni sodiamu na klorini iliyofungwa. Maji magumu yasiyo na chumvi nyingi ni baraka kwa samaki wetu wa maziwani. Wale wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa Kigoma na kupelekwa dunia nzima, wanatoka kwenye maji yenye pH ya karibu 9, na mbuna wa Ziwa Nyasa nao wanapenda pH juu ya 7.5. Tetra na wenzake wengi wa Amerika Kusini, kinyume chake, wametoka kwenye maji laini. Ukiwaweka wote tangi moja kwa sababu wamependeza dukani, kundi moja litakuwa linateseka siku zote. Moli anastahimili hata chumvi ya kisima cha Kigamboni.

Maji ya kisima yakitoka ardhini mara nyingi hayana oksijeni ya kutosha na yana gesi, mengine yananuka yai bovu. Yapigie hewa siku nzima kabla ya kuyatumia. Maji ya boza yana shida yake: wiki hii yametoka bombani, wiki ijayo yametoka kisimani, na dereva hakuambii. Kipimo cha pH cha bei ndogo kinakuokoa hapo; kama tofauti ni kubwa, badilisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Maji ya mvua ni safi lakini ni matupu. Hayana madini ya kuizuia pH isishuke, na tangi la maji ya mvua pekee linaweza kuonekana zuri kwa miezi kisha pH ikaporomoka wiki moja. Yachanganye na ya bomba.

Angalia na mapambo. Kokoto za matumbawe na makombe ya ufukweni zinayeyusha kalsiamu na kupandisha pH. Kwa samaki wa Tanganyika ni sawa. Kwa tetra si sawa. Dondoshea jiwe matone ya siki: likitoa povu, lina chokaa. Mchanga wa baharini usafishe kwa maji mengi hadi chumvi iishe, la sivyo chukua wa mtoni.

Chakula nacho kinazeeka. Kopo lililofunguliwa likakaa jikoni kwenye unyevu wa pwani linapata ukungu na vitamini zinaisha, hata kama tarehe ya nyuma bado. Nunua kopo dogo, lihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Samaki wa Tanganyika wanaokula mwani, kama Tropheus, wasipewe minyoo na nyama. Matumbo yao marefu yanavimba na wanakufa.

Na unapoleta samaki mpya, mfuko uliosafiri muda mrefu usiuache wazi. Ndani yake hewa chafu imeshusha pH na kuifanya amonia iliyojaa isiwe kali. Ukiufungua, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia inakuwa kali hapohapo. Uelee dakika 15 ukiwa umefungwa ili joto lilingane, ufungue, changanya maji ya tangi kidogo kidogo kwa muda mfupi, kisha mchote samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage chooni. Kama una ndoo ya ziada na sponji, mkalishe humo wiki mbili au tatu kabla hajakutana na wenzake.

Ukigundua samaki fulani hawezi maji yako, mrudishe dukani au mpe anayemfaa. Usimpeleke Mto Msimbazi wala kwenye bwawa la mtaani.